BOMBA LA MOSHI LILINGANE NA JIKO



Huko Makete, Njombe na Lushoto, mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali. Moto hauzimwi. Mama yuko jikoni, na mtoto yuko mgongoni. Moshi huwaumiza macho wote wawili, tena humwongezea mtoto mdogo hatari ya kichomi. Ndiyo maana ni vizuri kujenga jiko la udongo lenye bomba la moshi. Lakini bomba lenyewe lazima lipimwe.

Kwa nini moshi hupanda? Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Bomba likiwa jembamba mno, moshi hukosa njia, unarudi jikoni. Likiwa pana mno, moshi hupoa njiani na kupanda polepole. Moshi uliopoa huacha masizi na utomvu mweusi kama lami. Utomvu huo hushika moto. Kama nyumba ni ya nyasi, basi tena!

Chukua rula. Pima upana wa ndani wa tundu la jiko linalotoa moshi. Usipime nje. Bomba nalo liwe na upana huo huo kwa ndani. Jiko dogo la nyumbani huweza kutumia bomba la inchi 4, yaani kama sentimita 10.

Hapa hesabu yetu ya kisomo inafaa. Fundi anaweza kukuambia, "Mama, inchi 4 na inchi 6, tofauti ni 2 tu." Usikubali. Njia ya moshi hulinganishwa kwa kuzidisha upana kwa upana. 4 mara 4 ni 16. 6 mara 6 ni 36. Kumbe bomba la inchi 6 lina njia zaidi ya mara mbili!

Ziko pia nyumba za zamani za matofali zenye meko ya ukutani. Mtu hununua jiko la chuma, akaliingiza humo. Tuseme jiko lina tundu la duara la inchi 6, na dohani ina inchi 12 kila upande. Njia ya dohani ni zaidi ya mara tano ya ile ya jiko. Moshi utapoa humo. Dawa yake ni kupitisha bomba la inchi 6 ndani ya dohani, kutoka kwenye jiko mpaka juu kabisa. Kuweka kipande kifupi na kukiachia katikati ni kutupa fedha.

Bomba lipite juu ya mgongo wa paa, na lisiguse nyasi wala mbao. Kuni ziwe kavu. Masizi yakwanguliwe mara kwa mara, moto ukiwa umezimika.

Zoezi: Jiko lina tundu la inchi 5. Dukani kuna bomba la inchi 3 na la inchi 5. La inchi 3 ni rahisi zaidi. Zidisha, halafu mweleze mwenzako utanunua lipi na kwa nini.