Kufundisha Safari ya Chuma Mwilini

Somo la usagaji wa chakula huishia mara nyingi kwenye utumbo mwembamba. Mwanafunzi hukariri kwamba chakula "hufyonzwa", na mada ikafungwa. Lakini ni nini kinachoamua kipi kiingie katika damu na kipi kiachwe nje? Madini ya chuma yanafaa sana kulifungulia swali hili, kwani upungufu wake ni chanzo kikubwa cha upungufu wa damu kwa watoto na kina mama wajawazito.

Yampasayo mwalimu kuyajua

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na takriban theluthi mbili zimo katika himoglobini ya chembe nyekundu za damu. Kila siku mwili hupokea miligramu 1 hadi 2 tu, ijapokuwa chakula huwa na kiasi kikubwa zaidi. Mlango mkuu ni duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Chuma cha nyama na samaki huingia kwa wepesi. Kile cha maharage na mchicha huingia kwa shida. Vitamini C ya machungwa na malimau hukisaidia, bali tanini ya chai hukishika kisipite.

Kilichoingia katika seli za utumbo ama huwekwa akiba ndani ya protini iitwayo feritini, ama hupitishwa kwenye damu. Hapo hupokewa na protini nyingine, transferini, ambayo hukipeleka hasa kwenye uboho kuunda chembe nyekundu. Ziada hutunzwa katika ini. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa katika wengu na ini, na chuma chake hutumika tena. Kwa kuwa mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, ulinzi umewekwa mlangoni: ghala likijaa, ini hutoa homoni ya hepsidini, nayo hupunguza upitishaji.

Hatua za somo

1. Mwalimu aloweke misumari yenye kutu katika siki kwa siku kadhaa kabla ya somo, kisha achuje maji yake.

2. Darasani, wanafunzi wayamimine maji hayo kidogo kidogo katika chai kavu ya rangi. Chai itageuka nyeusi, maana tanini imeungana na chuma.

3. Wakamulie maji ya limau, wachunguze kama weusi unapungua, kisha wajadili sababu. Mtu yeyote asionje mchanganyiko huu.

4. Wanafunzi waulizwe: je, anayekula maharage afanyeje na kikombe chake cha chai? Wasielekezwe mapema, jibu la kuisubirisha chai hadi baada ya saa moja au mbili walifikie wenyewe.

5. Wachore ramani ya safari: tumbo, duodeni, damu, uboho, wengu na ini.

Mlango unaodanganywa

Somo lisikomee kwenye faida. Vidonge vingi vya chuma vikimezwa kwa mara moja huunguza utando wa tumbo na kushinda ulinzi wa mwili. Watoto wadogo wamekufa kwa kudhani ni peremende. Tena risasi hupita kwa sehemu katika njia ileile ya chuma. Mtoto aweza kufyonza hata nusu ya risasi aliyoimeza, ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Mtoto mwenye upungufu wa chuma hufyonza zaidi. Risasi hudhuru ubongo unaokua, kisha hukaa mifupani kwa miaka mingi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ambacho kilifungwa mwaka 2014. Hivyo kunawa mikono kabla ya kula na kula chakula chenye chuma ni kinga mbili za adui mmoja, ingawa haziondoi wajibu wa kuisafisha ardhi iliyochafuliwa.

Maswali ya kupima

(a) Kwa nini mwili huhitaji miligramu chache tu za chuma kila siku, ilhali huunda chembe nyekundu bila kukoma?

(b) Panga mlo wa siku moja kwa vyakula vya kijijini kwenu utakaomfaa mama mjamzito, na utoe sababu za kila chaguo.