Milango ya Kompyuta: Vifaa vya Kuingizia na Kutolea Habari

UTANGULIZI

Nyumba nyingi za Ngamiani, mjini Tanga, zina kompyuta ukutani, ingawa wenyewe hawaiiti hivyo. Ni mita ya umeme ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwenye nyumba hununua umeme, hupewa namba yenye tarakimu 20, kisha huibonyeza moja baada ya nyingine. Kioo kidogo humjibu kwa kumwonyesha idadi ya yuniti alizonazo, au kwa kumwarifu kwamba namba imekataliwa.

Katika kitendo hicho kifupi mna somo zima la makala haya. Vibonye ni kifaa cha kuingizia habari, na kioo ni kifaa cha kutolea habari. Baina yao ipo kompyuta ndogo isiyoonekana kwa macho. Anayeielewa milango hiyo miwili ataelewa pia kwa nini mashine iliyo nzima kabisa huweza kutoa jibu lililo kosa, na jinsi mtu anavyoweza kujilinda.

KOMPYUTA HUFANYAJE KAZI?

Kompyuta, ambayo katika kamusi huitwa pia ngamizi au tarakilishi, ni mashine ipokeayo habari, ikazifanyia kazi kwa kufuata maagizo, kisha ikatoa matokeo. Inaweza kulinganishwa na mashine ya kusaga. Mahindi hutiwa juu, husagwa ndani, na unga hutoka chini. Mahindi yakitiwa pamoja na mchanga, unga nao utatoka na mchanga, hata kama mashine ni mpya na fundi wake ni hodari.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Ndani ya kompyuta hakuna herufi, sauti wala picha. Mna hali mbili tu za umeme, ambazo huandikwa kwa tarakimu 0 na 1. Herufi kubwa A, mathalani, kwa kawaida huwekwa kama 01000001. Kwa hiyo kazi ya kifaa cha kuingizia ni kugeuza mambo ya wanadamu yawe 0 na 1, na kazi ya kifaa cha kutolea ni kuzirudisha tarakimu hizo katika umbo ambalo mtu anaweza kulisoma, kulisikia au kuligusa.

KADI ZENYE MATUNDU

Kwa miaka mingi mlango mkuu wa kuingizia habari ulikuwa kadi ngumu ya karatasi iliyotobolewa matundu. Herman Hollerith alibuni mashine za kadi za namna hiyo, nazo zilitumiwa katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kadi iliyoenea zaidi baadaye ilikuwa na safu 80 za kusimama na mistari 12 ya kulala.

Mkazi wa Ngamiani hapati taabu kuielewa kadi hiyo. Mtaa wake una barabara zilizonyooka, nazo hutajwa kwa namba: Barabara ya 8, Barabara ya 12, na kadhalika. Mgeni akipewa namba ya barabara na namba ya nyumba, atafika. Kadi nayo ilisomwa hivyo hivyo: safu ni kama barabara, na mstari ni kama nyumba. Tundu moja kwenye mstari wa 7 lilimaanisha tarakimu 7. Herufi ilihitaji matundu mawili katika safu moja, na jina TANGA lilichukua safu tano. Tundu likikosea nyumba moja tu, habari nzima ilibadilika.

Tanzania iliingia katika zama hizo mapema. Mwaka 1965 kompyuta ya aina ya ICT 1500 iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Katika ofisi za kadi duniani kote ulikuwapo utaratibu mmoja unaostahili kukumbukwa hata leo. Karani wa kwanza alipomaliza kutoboa kadi, karani wa pili aliyachapa maandishi yale yale upya katika mashine ya uhakiki. Palipokuwa na tofauti, mashine ilisimama. Watu wa wakati ule walijua kwamba mlango wa kuingizia ndipo mahali pa kuweka mlinzi.

VIFAA VYA KUINGIZIA VYA SIKU HIZI

Kibodi. Chini ya vibonye vya kibodi mna nyuzi za umeme zilizopangwa kwa safu na mistari, kama barabara na vichochoro. Kibonye kikibonyezwa, hukutanisha safu moja na mstari mmoja. Kompyuta huzipitia njia panda hizo mara nyingi kila sekunde ili kujua ni ipi iliyofungwa, na hivyo hutambua herufi iliyokusudiwa.

Kipanya. Kifaa hiki hakimwambii mtu wala kompyuta kipo wapi mezani. Huarifu tu kimesogea upande gani na kwa kiasi gani. Vingi vya siku hizi huangaza uso wa meza na kulinganisha picha ndogo ndogo zinazofuatana.

Skrini ya mguso. Skrini ya simu nyingi haihisi uzito wa kidole. Huhisi badiliko dogo la umeme linaloletwa na mwili wa mtu. Ndiyo sababu ukucha mtupu au mkono uliovaa glavu nene hauitikiwi, na matone ya maji huichanganya.

Kamera, kipaza sauti na kisomaji cha alama za vidole navyo ni vifaa vya kuingizia. Hiki cha mwisho kinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa siku hizi kinahusu haki za watu.

KIDOLE KISIPOSOMEKA

Mwaka 2015 wapiga kura wa Tanzania waliandikishwa kwa mashine zilizochukua alama za vidole. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 laini za simu nazo zilisajiliwa upya kwa alama hizo pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa.

Kisomaji hutafuta vijistari vya ngozi ya kidole: vinapokomea na vinapogawanyika. Mpangilio wa nukta hizo hugeuzwa kuwa namba na kulinganishwa na ile iliyohifadhiwa. Lakini mkata mkonge, mvuvi avutaye kamba na mwashi ashikaye saruji huweza kuwa wamefuta vijistari hivyo kwa kazi ya miaka mingi. Uzee nao hulainisha ngozi, na jasho au ukavu huiharibu picha.

Basi mashine ikimkataa mtu wa namna hiyo, haijasema kwamba si yeye. Imesema tu kwamba haikuweza kusoma. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani mtu asiposomeka mlangoni huweza kukosa huduma aliyostahili. Jambo la kwanza ni kusafisha kidole na kioo cha kisomaji. La pili ni kujaribu kidole kingine. La tatu, na la muhimu zaidi, ni kuwapo njia nyingine ya kumtambua mtu, isiyotegemea kidole chake.

VIFAA VYA KUTOLEA

Skrini hupanga nukta nyingi ndogo za mwanga, na kila nukta hupewa rangi yake kwa namba. Spika hugeuza namba kuwa mitetemo ya hewa. Kwa msaada wake mtu asiyeona husomewa maandishi yaliyo kwenye skrini. Printa huyaweka matokeo kwenye karatasi.

Si karatasi zote zinazodumu. Risiti nyingi za mashine za kielektroniki za madukani huandikwa bila wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayobadilika rangi ipatapo joto, na printa huichoma kwa vijoto vidogo. Kwa hiyo risiti iliyoachwa juani au karibu na jiko hugeuka nyeusi, na iliyokaa muda mrefu hufifia. Mwenye kuhitaji ushahidi wa malipo aipige picha au atoe nakala mapema.

MLINZI WA MLANGO

Namba ya LUKU ina ulinzi ndani yake. Sehemu ya namba hiyo ni ya uhakiki, nayo imefungwa kwa ajili ya mita moja tu. Tarakimu moja ikikosewa, mita huikataa.

Namba ya simu haina ulinzi huo. Anayetuma fedha kwa simu akikosea tarakimu moja, huenda akawa ameandika namba halali ya mtu mwingine. Ndiyo sababu mifumo mingi huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuomba namba ya siri. Hapo kifaa cha kutolea kinamlinda mtu dhidi ya kosa alilolifanya kwenye kifaa cha kuingizia. Asiyelisoma jina hilo amemfukuza mlinzi wake mwenyewe.

MUHTASARI

Kompyuta haiujui ulimwengu. Hujua tu kile kilichopita katika mlango wake wa kuingilia. Vivyo hivyo mtu hajui yaliyo ndani ya kompyuta ila kwa kile kinachotokea katika mlango wa kutokea. Jibu likionekana kuwa kosa, ichunguzwe kwanza milango hiyo miwili kabla ya kumlaumu mtu au mashine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kifaa kimoja cha nyumbani chenye vifaa vya kuingizia na vya kutolea. Eleza kila kimoja hufanya nini.
2. Kwa nini kadi moja ilichapwa na makarani wawili?
3. Bibi kizee amekataliwa na kisomaji cha alama za vidole. Taja sababu mbili zinazowezekana, na hatua ambazo karani anapaswa kuzichukua.
4. Skrini ya simu ni kifaa cha kuingizia au cha kutolea? Toa sababu za jibu lako.