Mafunzo Niliyopata kwenye Tofali la Kufungamana

Nimesimamia ujenzi kwa muda wa kutosha kuona tofali la kufungamana likisifiwa mikutanoni na kuchekwa mitaani. Wanaolisifu husema linaokoa saruji. Wanaolicheka watakuonyesha ukuta uliopinda na tofali lililomegeka pembe. Wote wana ushahidi. Haya niliyapata nikiwa katikati yao, hasa kwenye nyumba za walimu tulizojenga nje kidogo ya Dodoma pamoja na vijana wa vijiji vya jirani.

1. Kazi huanzia shimoni

Mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ikifika kijijini, kila mtu anataka kuning'inia kwenye mkono wake. Anayechimba udongo hana anayemtazama, ingawa yeye ndiye anayeamua kama nyumba itasimama. Udongo wa juu wenye mizizi haufai. Mchanga mtupu haushikani, na mfinyanzi ukizidi tofali linapasuka likianza kukauka.

Kuupima hakuhitaji maabara. Unachonga sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Unalipaka mafuta ndani, unalijaza udongo uliolowa, unauacha ukauke, halafu unapima umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa chini ya milimita 15, sehemu moja ya saruji inatosha kwa sehemu 18 za udongo. Ukifika kati ya milimita 45 na 60, inabidi iwe moja kwa 12. Kwa nyumba nzima, tofauti hiyo ni mifuko mingi ya saruji. Kipimo chenyewe ni cha zamani. Kilitumika na mashine ya CINVA-Ram, iliyobuniwa Colombia miaka ya 1950.

Bingwa wetu wa kupima alikuwa kijana aliyeishia darasa la saba. Aliandika vipimo vyake kwa chaki kwenye mlango wa stoo: shimo lipi, umesinyaa milimita ngapi, uchanganywe vipi. Hakuna aliyefungua mfuko wa saruji kabla ya kuusoma mlango ule, na mimi nikiwemo.

2. Malipo nayo ni mwalimu

Kwenye miradi mingi mfyatuaji hulipwa kwa idadi ya matofali. Basi atapunguza udongo ndani ya mashine ili mkono ushuke kwa urahisi. Atachanganya rundo kubwa asubuhi na kulifyatua hadi adhuhuri, saruji ikiwa imeshaanza kushika. Kumwagilia hatamwagilia, kwa kuwa hakuna anayemlipa kumwagilia. Semina haina ubavu wa kushindana na malipo yanayofundisha kinyume chake.

Tukayagawa malipo hayo. Nusu ililipwa siku ya kufyatua, nusu nyingine baada ya siku saba za kumwagilia na kufunika kwa nailoni, tena kwa tofali zima tu. Kelele zilipigwa, na sikuwalaumu; mtu mwenye watoto hawezi kufurahia nusu ya ujira. Lakini lundo la matofali mabovu lilipungua, na vijana wakaanza kukumbushana maji bila kusukumwa.

3. Mwashi mzoefu ana mengi ya kuacha

Mwashi wa matofali ya saruji amezoea kusamehewa na mota. Tofali likiwa fupi, anaongeza mota. Likiwa nene, anapunguza. Tofali la kufungamana hupangwa kavu, na mota hukaa chini ya kozi, yaani safu, ya kwanza. Tulilotumia sisi lina milimita 300 kwa 150 kwa 100. Ukuta wa mita 2.7 ni kozi 27, na kila kozi inarithi kasoro ya iliyo chini yake.

Ndiyo maana kozi ya kwanza ilichukua muda mrefu kuliko kozi zote. Tuliipanga kavu kuizunguka nyumba nzima, milango na pembe zikiwa zimeshapimwa, ndipo tukaikalisha kwenye mota kwa kamba na pima maji. Mafundi wakubwa walinung'unika kwamba tunacheza. Walipoona ukuta unapanda bila kugongwa nyundo, wakawa ndio wakali zaidi kwa vijana waliolegeza kamba.

4. Utafiti upo, njia ya kuufikisha ni nyembamba

Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa majengo mwaka 1971. Ndicho kilichokuja kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hata tatizo lile la ukuta kupinda limefanyiwa kazi: Simion Kintingu aliliandikia tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 2009, akichunguza jinsi umbo la tofali linavyosaidia ukuta unyooke. Tasnifu kama hiyo haifiki mikononi mwa mwashi wa Chamwino, jirani na Dodoma. Na mlango wetu wa stoo, wenye vipimo vya udongo wa eneo zima, hakuna mtafiti aliyekuja kuunakili. Ulipakwa rangi.

5. Cheti kina kazi yake

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunzia ufundi kazini. Msimamizi, wapeleke watu wako. Mkandarasi mgeni hawezi kujua kuwa kijana wako anasoma udongo vizuri. Karatasi ndiyo itakayomwambia.

6. Bajeti iseme

Wewe unayeandaa mradi wa namna hii, mpima udongo na mmwagiliaji wawe na vifungu vyao kwenye makadirio, kama alivyo fundi bomba. Makadirio niliyopewa kusimamia yana mashine, saruji na usafiri. Vifungu hivyo viwili sijaviona.