Karanga Kilo Moja: Somo la Biashara kwa Watoto Wetu

Wazazi wengine huona haya mtoto wao akionekana na sinia la karanga, kana kwamba ni kutangaza umaskini wa nyumba. Haya hiyo haina msingi. Mtume Mtukufu s.a.w. katika ujana wake alichunga kondoo na mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira, wala hakulificha jambo hilo baadaye. Na Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 7, yaagiza mayatima wajaribiwe hata wafikie umri wa kuoa, kisha wakabidhiwe mali yao wakionekana wana busara. Wanazuoni wameeleza ya kwamba jaribio hilo laweza kuwa kumpa kijana mali kidogo na kumtazama aiendeshavyo. Lifaalo kwa yatima halikosi kumfaa mwenye wazazi.

Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 au 4, nao wamfaa mtoto mwenye kipande cha ardhi na maji karibu. Kuku ni wazuri, lakini mayai hutaka siku 21 kuanguliwa, na subira ya mtoto ni fupi. Kwa somo la kwanza, sisi twapendelea karanga.

Tuchukue mfano. Karanga kilo moja shilingi 4,000, mkaa 500, chumvi na vifuko 300, jumla 4,800. Vikipatikana vifuko 30 vya shilingi 200, mauzo ni 6,000. Mtoto atasema faida ni 2,000, kwa kuwa mkaa, chumvi na vifuko alipewa na mama. Hapo ndipo somo linapoanza: mama naye alinunua. Faida ya kweli ni 1,200, yaani vifuko 6 tu. Akila viwili na kuwagawia rafiki zake vinne, amefanya kazi siku nzima bure.

Lipo jambo kubwa zaidi. Karanga zilizohifadhiwa penye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini. Kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Basi punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, hata faida ikipungua. Mtume s.a.w. alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Mtoto asimuliwe habari hiyo akiwa anachambua karanga, si siku nyingine.

Mikopo iandikwe, hata ya jirani, kama ifundishavyo Sura Al-Baqara aya ya 283. Shule isikosekane. Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyozuia masomo. Kumtuma mtoto mdogo stendi usiku hakuitwi mafunzo.

Nasi wazazi tujichunguze. Wengi wetu huzichukua zile 1,200 kununua sukari, kisha twashangaa mtoto akificha fedha. Tukikopa kwake, deni letu nalo liandikwe katika daftari lake, pamoja na siku ya kulipa.