KUCHAGUA MASHINE YA KULIMIA BUSTANI

Mashine ya kulimia ambayo mtu huiongoza akitembea nyuma yake huweza kukupunguzia kazi nzito ya jembe. Lakini hununuliwa kwa fedha ya mavuno ya misimu mingi, na ukikosea kuchagua, hasara ni yako na ya nyumba yako. Tanzania, baada ya wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, pawatila nyingi zilifika vijijini. Zilizokuta kazi ya kuzifaa, hasa katika majaruba ya mpunga, zililima. Nyingine ziliishia kuvuta tela, au zilisimama tu. Kwa hiyo shika neno hili moja: pima bustani yako kwanza, ndipo ukatazame mashine.

1. Zijue aina mbili

Ya kwanza ni trekta ya magurudumu mawili, ndiyo pawatila. Kwa kawaida injini yake ni ya dizeli, yenye nguvu za farasi 8 mpaka 15. Mara nyingi uzito wake pamoja na visu huzidi kilo 300. Hulima kwa visu vinavyozunguka, huvuta plau, na huvuta tela.

Ya pili ni mashine ndogo ya visu. Nyingi za aina hii hazina magurudumu ya kuvuta; visu vyenyewe hulima na kuisogeza mbele. Injini yake mara nyingi ni ya petroli, ya nguvu za farasi 5 mpaka 7 hivi, na watu wachache huweza kuibeba. Hii ni ya udongo uliokwisha kulimwa. Haikutengenezwa kuvunja ardhi ngumu.

2. Hesabu kazi yako

Eka moja ni mita za mraba 4,047. Visu vya upana wa sentimeta 60 lazima vitembee karibu kilomita 6 na robo tatu ili kuimaliza. Ukitembea kilomita 2 kwa saa, utatumia saa 3 na dakika 20 hivi. Ongeza muda wa kugeuza, kujaza mafuta na kupumzika. Tuseme saa 5.

Sasa, mwenye bustani ya robo eka anayelima mara tatu kwa mwaka, kazi yake yote haifiki saa 4. Siku nyingine zote mashine imelala, na mashine iliyolala haijilipi. Huyo afadhali akodi. Lakini majirani 20 wenye bustani kama yake wana kazi ya saa 75 kwa mwaka. Hao wanaweza kununua moja kwa pamoja, mradi wapatane mapema nani ataitunza na nani atalipia matengenezo.

3. Jaribu udongo

Piga jembe mahali patatu katika bustani, wakati ule ule unaotaka kulima. Jembe likiruka kama limepiga jiwe, mashine ndogo nayo itaruka, na mikono yako itaumia. Ardhi ya namna hiyo yataka plau kwanza, au ingoje mvua.

Kisha shika udongo wa kina cha kiganja na uufumbate. Ukifanya donge linalovunjika likianguka, lima. Donge likinata vidoleni, ngoja. Udongo mweusi wa mbuga hasa, ukilimwa ukiwa umelowa, hufanya mabonge magumu kama matofali.

Usipitishe visu mara nyingi mpaka udongo uwe unga. Mvua ikinyesha, unga huo hufanya utando juu na miche hushindwa kutoka. Tena visu vikilima kina kile kile kila msimu, chini yake hujengeka tabaka gumu lisilopitisha maji wala mizizi.

4. Tazama magugu

Bustani yenye sangari au ndago usiikimbilie kwa visu. Visu hukata mizizi ya sangari vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo huweza kuota. Ndago nazo, visu huzitawanya. Ng'oa kwanza kwa jembe la meno, kusanya na uchome.

5. Tazama njia na mteremko

Mkulima mmoja wa milima ya Usambara alinionyesha pawatila aliyoinunua kwa fedha ya kabichi. Bustani yake ni ya matuta ya ngazi, upana wa hatua nne, na njia ya kufikia huko ni ya mtu mmoja. Pawatila ilibaki barabarani. Mwisho aliiuza kwa hasara. Hakukosa bidii wala akili. Alikosa kuipima njia yake.

Penye mteremko, lima kwa kukingama, usilime kutoka juu kwenda chini, kwani maji yatachukua udongo.

6. Kabla ya kutoa fedha

(a) Omba uonyeshwe vipuri, yaani visu, mikanda na vichujio. Usitosheke na ahadi.
(b) Uliza fundi aliye karibu kama anaijua injini hiyo.
(c) Iwashe wewe mwenyewe ikiwa ya baridi.
(d) Ijaribu katika bustani yako, si katika uwanja wa muuzaji.
(e) Dai kitabu cha maelekezo, na usomewe usiyoyaelewa.

7. Jihadhari

Usirudi nyuma huku visu vinazunguka. Ukijikwaa vitakufikia miguuni. Vaa viatu vigumu. Usivae kanga wala shuka inayoning'inia. Zima injini kabla ya kutoa nyasi zilizonasa. Watoto wakae mbali. Usijaze petroli injini ikiwa moto.

Katika pawatila zenye klachi za kupindia, jua jambo hili: mahali tambarare, ukivuta klachi ya kushoto, mashine hupinda kushoto. Lakini kwenye mteremko mkali wa kushuka, injini ikiwa inazuia mwendo, klachi hiyo hiyo huweza kuipindisha kulia. Kwa hiyo ukishuka tumia gia ndogo, usiguse klachi hizo, pindisha kwa mikono polepole.

Ndugu mkulima, mashine kubwa si lazima iwe bora, wala ya bei ndogo si lazima iwe rahisi. Iliyo bora ni ile inayofika bustanini kwako, inayouweza udongo wako, na yenye kazi ya kutosha kujilipa. Chukua kamba, upime eneo na njia, uandike. Kisha mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wako mkatazame pamoja, kabla fedha haijatoka mfukoni.