Tawi la Mbali na Kumbukumbu Yake

Git ni programu ya kompyuta itumikayo kutunza historia ya maandishi ya programu nyingine. Ilitungwa mwaka 2005 na Linus Torvalds kwa ajili ya watengenezaji wa kiini cha Linux. Sifa yake kuu ni kwamba kila mshiriki huwa na hazina yake mwenyewe yenye historia ya kazi, hata aweze kuendelea bila ya kuunganishwa na wenzake. Sifa hiyo hiyo huzaa matatizo ya ufuatiliaji wa matawi.

Tawi ni mkondo mmoja wa kazi. Katika kazi ya ushirika yapasa kutofautisha mambo matatu:

(a) tawi lililoko katika hazina ya mbali, kwa mfano main;
(b) kumbukumbu ya tawi hilo, ambayo Git huiweka katika kompyuta ya mtumiaji kwa jina la origin/main;
(c) tawi la mtumiaji mwenyewe, linaloifuata kumbukumbu hiyo.

Wengi hudhani (a) na (b) ni kitu kimoja. Sivyo. Kumbukumbu ni kama bei za sokoni zilizonakiliwa Jumatatu: Ijumaa zaweza kuwa zimekwisha badilika. Git inapoarifu kwamba tawi linalingana na origin/main, hulilinganisha na kumbukumbu ya mawasiliano ya mwisho tu. Asiyelijua hilo aweza kutumia git push --force, na kazi ya mwenzake ya wiki nzima ikaondolewa katika tawi.

Kumbukumbu huharibika pia tawi linapobadilishwa jina. Tangu Oktoba 2020, tawi kuu la hazina mpya katika GitHub huitwa main badala ya master, na miradi mingi ya zamani ikafuata mtindo huo. Nakala zilizochukuliwa kabla ya mabadiliko hubaki zikifuata origin/master, tawi lisilokuwapo tena. Marekebisho yake ni haya:

1. git branch -vv
Huonyesha kila tawi na kumbukumbu linayoifuata.

2. git branch -m master main
Hubadili jina la tawi la mtumiaji.

3. git fetch --prune origin
Huleta habari mpya na kufuta kumbukumbu za matawi yaliyoondolewa. Matawi ya mtumiaji hayaguswi.

4. git branch -u origin/main main
Huliunganisha tawi na kumbukumbu iliyo sahihi.

5. git remote set-head origin -a
Huiuliza hazina ya mbali tawi lake kuu ni lipi.

Iwapo tawi la mwenzako halionekani hata baada ya hatua ya tatu, huenda nakala ilichukuliwa kwa tawi moja tu. Dawa yake ni git remote set-branches origin '*', kisha git fetch.

Ikilazimu kuibadili historia ya mbali, heri kutumia --force-with-lease badala ya --force, maana amri hiyo hukataa pale tawi la mbali linapotofautiana na kumbukumbu. Lakini ulinzi huo hautoshi peke yake. Mwenye kuleta habari mpya bila ya kuzisoma huiweka kumbukumbu sawa na tawi la mbali, na amri itakubali kuifuta kazi asiyoijua. Basi kwanza kuleta, pili kusoma, ndipo kusukuma.