Maksai Akigoma, Tafuta Sababu Kabla ya Fimbo



Katika somo la mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba hapa Kasansa na katika Mpimbwe yote, nalo ni jinsi ya kumfundisha mnyama wa kazi. Wengi wetu tunalima mahindi na mpunga kwa plau. Maksai wawili wazuri ndio sare na madaftari ya watoto, ndio gunia la akiba, na ndio wanaomfikisha mgonjwa zahanati kwa mkokoteni wakati barabara imeharibika. Mmoja akikimbia na nira hadi porini, au akizoea kupiga teke na kumjeruhi mtoto anayemwongoza, nyumba nzima imepata pigo. Na mara nyingi hasara hiyo haikuanza siku ya ajali. Ilianza siku ya kwanza alipofungwa kamba.

Watu wa nchi nyingine wameandika sana juu ya kumfundisha farasi kwa upole. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Myunani mmoja aitwaye Xenophon aliandika kitabu juu ya farasi, akiwaonya wenzake wasimshughulikie mnyama wakiwa na hasira. Sisi hatufugi farasi, na sababu tunaijua. Ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o, hueneza ugonjwa wa nagana, na farasi huathirika upesi sana. Lakini ng'ombe, punda na farasi wanafanana katika jambo moja kubwa. Wote ni wanyama wa kundi wanaowindwa na simba, na Muumba amewapa hofu iwe ngao yao. Kwa hiyo yale yanayofaa kwa farasi yanafaa pia kwa maksai wetu.

PUNDA WA BALAAMU

Tunawaomba msome Hesabu 22:21-35. Punda alikataa kwenda mara tatu: akaacha njia, akambana Balaamu mguu ukutani, mwisho akalala chini. Mara tatu bwana wake alimpiga. Kumbe punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga, na bwana wake hakuona kitu. Yule aliyedhaniwa mkaidi ndiye aliyekuwa akiokoa maisha ya aliyempanda.

Hapa ndipo lilipo somo letu lote. Mnyama akigoma ana sababu. Ameona kitu, anaumwa, amechoka, au hajaelewa anachotakiwa kufanya. Fimbo ikitangulia, ile sababu hufichika, nasi tunabaki hatujui.

MIFANO KUTOKA HISTORIA YA NCHI YETU

Mwaka 1866 David Livingstone alianza safari yake ya mwisho kutoka pwani ya kusini, karibu na Mikindani. Alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wa kubebea mizigo na punda, akitaka kujua kama wangeweza kustahimili ndorobo. Wanyama wale walikufa. Lakini katika kumbukumbu zake Livingstone alilalamika kwamba watunzaji aliowaleta walikuwa wakiwapiga, kuwajeruhi na kuwabebesha kupita kiasi. Basi ikawa vigumu kujua kilichowaua: ni ndorobo, au ni mkono wa mtu? Gharama yote ile ikapotea bila jibu, maana fimbo ilikuwa imechanganya kila kitu.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi watu wa Mpimbwe. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne kutoka India, washushwe Msasani karibu na Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Karema, ng'ambo ya milima kutoka kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika. Mkuu wao alikuwa Kapteni Frederick Carter. Walikuwa tembo waliofundishwa vizuri, waliowatii watunzaji wao wa Kihindi, na ilitumainiwa kwamba wangesaidia kuwafuga tembo wa Afrika. Lakini mmoja baada ya mwingine walikufa njiani, na aliyefika Karema mwishoni mwa mwaka ule alikuwa mmoja tu, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 katika mapigano hapa hapa Mpimbwe, akiwa njiani kurudi pwani.

Tembo wale hawakukosa utii. Walitii wakatembea mamia ya maili chini ya mizigo, wakila malisho ya nchi ngeni, mpaka nguvu zikaisha. Nasi tukumbuke: mnyama mtiifu anaweza kutii hadi afe. Kwa hiyo kadiri anavyotutii, ndivyo inavyotupasa sisi kumwangalia.

JINSI NG'OMBE ANAVYOONA NA KUJIFUNZA

Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, ila nyuma yake kabisa haoni. Mtu akimjia kwa nyuma, kwake ni kama simba, naye hupiga teke. Vilevile hapimi vizuri kina cha kitu kilichoko chini mbele yake. Kivuli cha mti, dimbwi la maji au kamba iliyolala njiani vyaweza kumsimamisha ghafla. Mpe nafasi ainamishe kichwa na kunusa, kisha atapita mwenyewe.

Masikio yake ni makali kuliko yetu. Kelele na mbinja humtia hofu, na mnyama mwenye hofu hajifunzi neno lolote, anatafuta njia ya kukimbia tu. Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947, ameonyesha kwa kazi ya miaka mingi kwamba kila mnyama ana eneo lake la usalama. Ukiingia ndani ya eneo hilo, anasogea. Ukirudi nyuma, anatulia. Mchungaji mzuri wa ng'ombe hufanya hivyo kila siku, hata kama hajawahi kuambiwa jina lake.

Na jambo kubwa ni hili: mnyama hajifunzi kwa kamba inapokazwa, anajifunza inapolegezwa. Unavuta kamba kidogo. Akipiga hatua moja, legeza papo hapo. Anaelewa kwamba hatua ile ndiyo iliyoleta raha. Ukiendelea kuvuta au kupiga baada ya yeye kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida.

HATUA ZA KUMFUNDISHA MAKSAI

1. Anza naye akiwa na miaka miwili hadi mitatu. Chagua wawili wanaolingana kwa ukubwa na mwendo. Mpe kila mmoja jina fupi, na umwite kwa jina hilo wakati wa kumpa pumba au chumvi.

2. Kwa siku za kwanza mzoeze kuguswa mgongoni, shingoni na miguuni. Kisha mfunge kamba na kumtembeza polepole. Somo liwe fupi, asubuhi na jioni, nalo liishe akiwa ametulia.

3. Tumia maneno machache, yale yale kila siku, na watu wote wa nyumbani watumie hayo hayo. Baba akisema hivi na kijana akisema vile, ng'ombe atamsikiliza nani?

4. Mvike nira pamoja na mwenzake bila mzigo. Anayefanya kazi upande wa kushoto abaki kushoto siku zote. Kama yupo maksai mzee aliyezoea kazi, mfunge na mgeni, naye atakuwa mwalimu bora kuliko sisi.

5. Baadaye wavute gogo jepesi, halafu zito zaidi, na mwisho plau. Kazi hii huchukua majuma kadhaa. Tuanze kiangazi, tusingoje mvua inyeshe ndipo tuwafundishe kwa haraka na hasira.

6. Wasifanye kazi zaidi ya saa nne au tano kwa siku, tena asubuhi kabla ya jua kali. Kwa kazi ya kuendelea, maksai wawili huvuta kwa nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wao. Wakiwa na kilo 600 kwa pamoja, hiyo ni nguvu ya kilo 60 hivi. Wakati wa kulima mbuga yenye udongo mzito, tupunguze kina cha plau.

AKIGOMA SHAMBANI

Simamisha kazi, kisha kagua kwa utaratibu. Tazama nira: je, imechubua shingo mbele ya nundu? Lainisha mti ule kwa msasa au kipande cha chupa. Tazama kwato, kama kuna mwiba. Tazama plau, kama imenasa kwenye kisiki. Je, wamekunywa maji?

Tena, tunaishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi na mapori yenye ndorobo. Ng'ombe mwenye nagana hupata homa, hupungukiwa damu, hukonda, na hulegea kazini. Machoni pa mwenye haraka huyo ni mvivu. Ukimpiga hutamponya, na siku utakazopoteza kumpiga ndizo ambazo Bwana Mifugo angemtibu. Wangapi tumeuza kwa bei ya nyama mnyama aliyehitaji sindano tu?

Wapo wanaosema, "Ng'ombe bila fimbo haendi." Hatusemi fimbo itupwe. Kazi yake ni kuelekeza: kugusa bega, kuonyesha upande. Aliyefundishwa vizuri huitazama fimbo bila kuiogopa. Anayepigwa kila siku huzoea maumivu, na mwisho fimbo haimwambii kitu tena. Hapo wengine huongeza ukubwa wa fimbo, nao wanashangaa kwa nini maksai wa jirani huenda kwa neno moja.

Tusisahau pia kwamba kupiga ovyo si kosa mbele za Mungu tu. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama.

Mwisho, tufikirie watoto. Mara nyingi anayetangulia mbele ya ng'ombe ni mtoto. Maksai wakipotoka, ng'ombe hupigwa na mtoto hutukanwa. Mtoto huyo kesho ndiye baba wa nyumba na mshika plau. Atamwendea mnyama, mke na watoto wake kwa mkono ule aliouona shambani. Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mwenye haki hujali maisha ya mnyama wake, na Kutoka 23:12 inawapa ng'ombe na punda pumziko pamoja na mtumwa na mgeni. Kama Mungu amewahesabu pamoja na watu wa nyumbani, nasi tuwahesabu hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Balaamu hakuuliza sababu hata mara ya tatu?
2. Katika mtaa wetu, mnyama akigoma, jambo la kwanza tunalofanya ni lipi?
3. Je, tunaweza kupatana kuazimana maksai wazee wa kufundishia wale wapya kabla ya mvua?
4. Ni nani anayeongoza ng'ombe wetu, na anajifunza nini kutoka kwetu?